Bonyeza AUTO, Halafu Usiguse Kitu!

Saa saba mchana, jua la Dar es Salaam la Januari, Toyota Harrier haibridi ya 2014 imeanikwa Kariakoo vioo juu, usukani haushikiki. Naweka nyuzi 24, nabonyeza AUTO ya AC, na feni inalipuka! Baridi inapiga kifuani. Hewa ya nje imefungiwa, ya ndani inazungushwa. Halafu, hata jasho halijakauka, feni yenyewe inaanza kushusha sauti. Hakuna aliyegusa kitu!

Tazama ujanja wake. Juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kuna kidude cheusi mfano wa kifungo cha shati: kinapima ukali wa jua. Nyuma ya bampa la mbele kuna sensa ya joto la nje. Na kile kitundu chenye wavu ambacho wengi hudhani ni pambo? Kinafyonza hewa ya ndani na kuipima joto. Kompyuta inazisoma zote kwa pamoja. Kwa hiyo, tafadhali sana, yale makapeti ya manyoya ya kutandika dashibodini yaondoe! Umeifumba macho AC yako.

Lakini kilichonimaliza ni kimlango. Hewa hupita kwanza kwenye kipoozeo, kinachochungwa kisifike nyuzi 0 kikaganda barafu. Unyevu unabaki hapo, ndiyo yale maji yanayodondoka chini ya gari. Kisha kimlango kinachosukumwa na mota ndogo kinapitisha sehemu ya hewa hiyo kavu kwenye hita, yenye maji moto ya injini, na baridi na moto vinachanganywa mpaka ipatikane 24 yako. Harrier hii inachanganya kushoto kivyake na kulia kivyake. Mama ana 26 yake, dereva ana 22. Ugomvi kwisha!

Wazo lenyewe la kuchagua nyuzi na kuiachia AC kazi si geni. Cadillac walikuwa nalo tangu magari yao ya 1964. Ila wao hawakuwa na hii: kompresa ya umeme, ambayo Toyota waliitia kwenye Prius ya 2003. Gari la kawaida, kompresa inavutwa na mkanda wa injini. Injini ikilala, nayo inalala. Sisi tumesimama kwenye foleni ya eneo la Fire, injini imezima, kimya kabisa, na ubaridi uko palepale. Jamani!

Na acheni kushusha mpaka 18 eti gari lipoe haraka. Kwenye joto kama hili AUTO tayari imetoa nguvu zake zote. Utaishia kutetemeka ukifika Ubungo.

Vitufe vya kugusa vya AC hii vinapendeza, japo mimi bado ni mtu wa kitufe kinachobonyea.

Unanunua Harrier kama hii? Kabla hujatoa hela, washa injini ipate moto, weka kushoto 18 na kulia 30, kisha tega mikono kwenye matundu ya pande zote mbili. Ukisikia hewa ileile, huenda mota ya kimlango ina kasoro, upunguziwe bei!