Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Watunzi wetu wa kale hawakuwa na sheria ya hakimiliki, lakini walikuwa na ubeti wa mwisho. Humo malenga alijitaja, pengine akataja na mji wake na mwaka aliotunga. Ubeti huo ulikuwa muhuri wake, na ndio unaokatwa mwanzo shairi linapotiwa katika taarab. Husemwa kuwa ni mrefu mno, kuwa wasikilizaji watachoka. Kanda ikatoka na jina la mwimbaji peke yake, nasi tukasema “wimbo wa fulani” tukimkusudia aliyeuimba.

Lakini tusiite kila mfanano wizi. Bahari, mizani na vina si mali ya mtu, wala wazo la kulalamikia mapenzi halina mwenyewe. Kinacholindwa ni maneno yalivyopangwa. Kumjibu malenga kwa vina vyake vilevile ni ada yetu, na kwa hakika ni kumheshimu. Mwizi ni yule achukuaye beti za mwenziwe, akageuza maneno mawili matatu, akafuta jina.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alisalimika kwa bahati. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu hata Mwalimu Sikujua na William Taylor wakazikusanya, na diwani aliyoihariri Hichens ikatoka 1940, yapata karne moja tangu kufa kwake. Ni wangapi wasiopata Sikujua wao?

Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao 1994, haumlazimishi mtunzi kujiandikisha ndipo awe na haki: haki huzaliwa pamoja na utungo, ikadumu miaka isiyopungua 50 baada ya mauti yake. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya hakimiliki 2003. Hata hivyo mwenye kudai hutakiwa ushahidi, na hapo ndipo washairi wetu wanapokwama, kwani wengi hutoa shairi kwa mdomo, na nakala hawabakishi.

Ami yangu alizisikia beti zake arusini, zikiimbwa vizuri (hilo nalikiri). Alipouliza ni za nani, akajibiwa: “Hizo za kale, mzee, hazina mwenyewe.” Alirudi nyumbani kulitafuta daftari. Mchwa walikuwa wameshafika.