Kabla Firmino Hajaanza Kukimbia

Oktoba 17, 2015, Jürgen Klopp aliiongoza Liverpool kwa mara ya kwanza, ugenini kwa Tottenham, White Hart Lane. Vipimo vya siku hiyo vilionyesha wachezaji wake walikimbia jumla ya kilomita 116, na ikaandikwa kwamba hakuna timu nyingine iliyokuwa imeizidi Tottenham kwa mbio msimu ule. Mechi iliisha 0-0. Adam Lallana alipotolewa alifika kwenye mstari miguu imemwisha, akaangukia mikononi mwa kocha wake. Namba tisa alikuwa Divock Origi, kijana wa Ubelgiji ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars.

Mjadala ukaanzia kwenye hizo kilomita, na haujatoka hapo. Mpaka leo kocha mpya akitangaza kwamba timu yake itakabia juu, kijiweni watu wanagawanyika palepale. Hawa wanasema sasa tutaona timu yenye pumzi. Wale wanasema subirini Desemba, misuli itaanza kukatika. Wote wanazungumzia mapafu. Mimi ile Liverpool niliitazama miaka yote, mechi nyingine nikizirudia kwa ajili ya kuwaangalia wasio na mpira tu, na ninachokipenda kimo katika zile sekunde mbili kabla mtu hajaondoka alipo.

Mtazame Roberto Firmino. Klopp alimkuta Anfield, amenunuliwa kiangazi kile kutoka Hoffenheim, akamfanya mshambuliaji wa kati ambaye kazi yake ya kwanza haikuwa kufunga. Beki wa kati wa wapinzani anapopokea mpira kutoka kwa kipa, Firmino hamkimbilii. Anasimama mbele ya kiungo mkabaji wao, anageuza shingo kumwangalia yuko wapi, anasogea hatua moja, anaangalia tena. Amemfungia mtu njia bila kumgusa. Kulia kwake Mohamed Salah amesimama katikati ya beki wa kati na beki wa pembeni, kama mtu ambaye hajaamua amkabe nani.

Mpira ukifika kwa beki wa kati wa kushoto, Salah anaondoka. Angalia njia anayopita: haendi kwa mstari ulionyooka, anakuja kwa kujikunja kutoka nje kuelekea ndani, na kwa kujikunja huko beki wa pembeni anabaki mgongoni kwake. Yule mwenye mpira akiinua kichwa, pasi rahisi kuliko zote haipo tena. Kiungo wake yuko na Firmino. Kipa yuko nyuma, na kumrudishia mpira maana yake ni kuwaita washambuliaji wote watatu wasogee. Palipobaki wazi ni pale katikati, na ndipo viungo watatu wa Liverpool wanaposubiri mtu aupitishe mpira huo.

Salah angekimbia moja kwa moja, mambo yote yangeharibika. Beki angemgusia mwenzake wa pembeni pasi ya mita kumi, na wachezaji watatu wangekuwa wameachwa nyuma ya mpira. Tofauti ya kuupora mpira na kupitwa iko kwenye pembe ya mbio hizo. Na kama beki ataamua kuupitisha mpira juu ya kichwa cha Salah, sawa, lakini mpira wa juu unachelewa, na muda huo unamtosha kiungo Jordan Henderson kufika kwa beki wa pembeni wakati mpira unatua kifuani. Huyu naye anageuka, anakuta mstari wa pembeni, na mstari huo ni mkabaji asiyechoka.

Kuna ishara zinazowaondoa. Pasi iliyopigwa bila nguvu. Mpira unaodunda, kwa sababu mpokeaji atalazimika kuutazama yeye na si uwanja. Mtu anayepokea akiwa amelipa mgongo goli analoshambulia. Kipa aliyeletewa mpira kwenye mguu asioutumia. Ishara isipokuwepo hawaendi, na hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi: dakika nzima inapita Firmino akichunga tu, anaacha mabeki wapigiane pasi, anaokoa nguvu zake kwa ajili ya pasi moja mbaya itakayokuja. Shabiki anayepiga kelele "kaba, kaba!" dakika hiyo anataka avuruge kilichopangwa.

Waliosema misuli itakatika hawakuwa wajinga. Klopp alikuja msimu umeshaanza, hakupata maandalizi ya kiangazi, na kufikia Januari 2016 kikosi kilikuwa kimejaa majeruhi wa misuli ya nyuma ya paja, hata mechi ya Kombe la FA kule Exeter wakaenda wengi wao vijana. Ligi waliimaliza nafasi ya nane. Fainali mbili walicheza, wakapoteza zote. Lakini ninavyoiona, yale maumivu yalikuwa ya timu isiyojua bado lini isiende. Mwanafunzi wa kukabia juu anakimbia kila pasi kwa sababu hajui kuchagua, na akifika amechelewa nusu sekunde inabidi akimbie tena kurudi, mbio ndefu ya kukata tamaa, na mbio hizo ndizo zinazochana paja.

Januari 14, 2018, Manchester City walifika Anfield wakiwa hawajafungwa mechi ya ligi msimu ule. Kati ya dakika ya 59 na ya 68 Liverpool walifunga mabao matatu, mechi ikaisha 4-3. Watu wanaikumbuka zaidi kwa Andy Robertson, beki wa kushoto, aliyeanza na Bernardo Silva upande wake, mpira ukarudishwa, akaufuata kwa mabeki, ukaenda kwa kipa Ederson, akafika na huko, akamalizia kwa kumchezea faulo Nicolás Otamendi karibu na lango lao. Uwanja mzima ulisimama. Nami naipenda mbio ile, ila siwezi kumpa kijana aisome kama somo, maana alikuwa mtu mmoja aliyewashiwa moto na furaha ya 4-1, nyuma yake kumeachwa wazi. Bao la Sadio Mané dakika ya 61 linafundisha zaidi. Salah anamsogelea Otamendi aliyekuwa hana wa kumpasia, anamnyang'anya, Mané anapiga.

Ufundi huu Klopp alirithishwa. Alipokuwa mchezaji wa Mainz, daraja la pili Ujerumani, kocha wao Wolfgang Frank aliwaonyesha tena na tena mkanda wa mazoezi ya AC Milan ya Arrigo Sacchi: Baresi na Maldini wakisogea pamoja bila mpira, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Ni mkanda wa kuchosha kuutazama. Milan ile ilichukua Kombe la Ulaya 1989 na 1990, na wachezaji wa kawaida wa Mainz wakaelewa kwamba umbali kati ya mtu na mtu unaweza kufundishwa kama hesabu za kujumlisha.

Mei 7, 2019, nusu fainali na Barcelona, Liverpool wanadaiwa mabao matatu, tayari Origi amefunga moja. Dakika ya 54 Trent Alexander-Arnold ananyang'anywa mpira na Jordi Alba upande wa kulia. Tazama alichofanya: hakuinua mikono kumlalamikia mwamuzi, hakurudi kulinda. Aligeuka palepale, kwa sababu Alba alikuwa ndiyo kwanza anaugusa, bado hajainua macho. Akaupata, akapiga krosi, Georginio Wijnaldum akafunga. Mtu hana ulinzi mbovu kuliko pale anapotoka kupora, wenzake wameanza kukimbilia mbele na yeye mwenyewe bado anahangaika kuutuliza mpira. Usiku ule uliisha 4-0.

Kwa anayetaka ushahidi kwamba kazi hii si ya washambuliaji peke yao, upo msimu uliofuatia ubingwa wao wa ligi. Oktoba 17, 2020, miaka mitano kamili tangu siku ya kilomita 116, Virgil van Dijk aliumia goti kwenye mechi na Everton. Joe Gomez akafuata, Joel Matip akafuata. Henderson na Fabinho wakashushwa kucheza beki wa kati, jozi za nyuma zikawa zinabadilika karibu kila wiki. Mané, Firmino na Salah walikuwa walewale, na bado walikwenda kuwabana mabeki, lakini pasi ilipopigwa katikati hawakuwepo tena wale waliokuwa wakiusubiri mpira pale. Viwanja vitupu vya korona vilichangia, sikatai. Timu ilifungwa mechi sita mfululizo Anfield, jambo ambalo halikuwahi kuikuta klabu hiyo, ya sita ikiwa ya Fulham, Machi 7, 2021.

Baada ya hapo Klopp alimrudisha Fabinho kwenye kiungo, na mwishoni mwa msimu nyuma wakacheza Nat Phillips na Rhys Williams, vijana ambao wengi hata majina yao hatukuwa tukiyajua, na wote wawili si wenye kasi. Liverpool hawakupoteza mechi yoyote kati ya kumi za mwisho za ligi, walishinda nane, wakamaliza wa tatu.