Hongera, Mafundi wa Kikapu

Umeme wa gridi ya taifa ulipofika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, ukitokea Nyakanazi, pongezi nyingi ziliishia majukwaani. Zangu nazipeleka kwa mafundi wa laini wa TANESCO. Kabla ya hapo miji hii ilitegemea jenereta za dizeli, na kelele zake hakuna anayezililia.

Gari la kikapu, lile linalomnyanyua fundi hadi kwenye nyaya, linapenda tambarare, na huku Buha, eneo la miji hiyo, tambarare ni ya kutafuta. Mvua zikichanganya, udongo unateleza na kingo za barabara zinabonyea. Ndiyo maana fundi mzuri haanzi kwa kupanda. Anakagua ardhi, anaweka kabari kwenye magurudumu, anashusha miguu ya gari juu ya mbao pana ili uzito usambae, kisha anatazama kipimo cha usawa. Gari likiinama kidogo tu chini, kikapu huko juu kinahama sana, na hapo ndipo linapopinduka. Akiwa ndani, mkanda wake anaufunga kwenye kikapu chenyewe, kamwe si kwenye nguzo. Chini anabaki mwenzake anayejua kukishusha kwa dharura.

Pasipofikika kwa gari, nguzo inapandwa kwa miguu (hapo nawavulia kofia mara mbili).

Nawe msomaji, ukikaa gizani saa mbili zaidi kwa sababu fundi amekataa kunyanyua kikapu kwenye mteremko, usimpigie simu kumtukana. Amefanya kazi yake.