Kwato Zielekeazo Majini: Ngano ya Nyamgondho na Mafunzo ya Chakula kwa Watoto wa Kandokando ya Ziwa

Utangulizi

Mtoto wa Mamboleo, kaskazini mwa jiji la Kisumu, anapotumwa sokoni kununua samaki, hurudi na kitu kilichokwisha kutengwa na asili yake. Huenda ni fungu la omena waliokaushwa juani, kipande cha mbuta, au ngege wa barafu aliyeagizwa kutoka China ilhali Ziwa Viktoria li karibu. Wote hao ni samaki, na neno hilo moja huwafunika. Walikotoka, waliovuliwa pamoja nao, kuni zilizochomwa na watu waliokosa ili wao wafike sokoni ni mambo ambayo sahani haiyasemi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini nchini Kenya mwaka 2019, unamtaka mtoto ayaelewe mazingira yake. Kwa hiyo suala la chakula na mazingira limekwisha kuingia darasani. Lisilojadiliwa vya kutosha ni upande wake wa kifasihi, yaani ni masimulizi gani yatakayoyabeba maarifa hayo. Makala haya yanashikilia kwamba ngano ya Nyamgondho wuod Ombare, inayojulikana sana miongoni mwa Wajaluo, inatoa msingi madhubuti wa mafunzo hayo. Aidha, yanaonyesha kwamba ngano hiyo ikifundishwa kwa mazoea, yaani kama onyo kwa mlevi, huficha yale inayoweza kufichua.

Nyayo za mbele na nyayo za nyuma

Wanaikolojia hulieleza suala hili kwa sitiari ya nyayo. Sitiari hiyo ilipata nguvu kutokana na makala ya William Rees wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ya mwaka 1992, na kazi aliyoifanya baadaye pamoja na mwanafunzi wake, Mathis Wackernagel. Kimsingi, hukadiria eneo la ardhi na maji linalohitajika ili kuwalisha watu na kupokea taka zao.

Nchini Kenya, hata hivyo, neno nyayo lina historia yake. Daniel arap Moi alipochukua uongozi mwaka 1978, aliahidi kuzifuata nyayo za mtangulizi wake, Jomo Kenyatta, na neno hilo likawa kitambulisho cha utawala wake. Mwaka 1979 ulianzishwa mpango wa kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa ya bure, nayo yakajulikana kama Maziwa ya Nyayo. Haifai kuubeza mpango huo, kwani njaa ya mtoto si jambo la kufanyiwa tashtiti. Lakini kwa jina lake tu, maziwa hayo yalimwelekeza mnywaji kwa mtoaji, si kwa ng'ombe, malisho wala mfugaji. Nyayo za kisiasa ziko mbele, na wajibu wa mtoto ni kuzifuata. Nyayo za kiikolojia ziko nyuma, na wajibu wake ni kuzirudia na kuuliza kilichokanyagwa. Mwalimu anayelitumia neno hili bila kulichunguza huwa amepokea sitiari mbili zinazovutana.

Kuna tatizo la pili. Samaki hana wayo. Majini hapana alama inayobaki, na mtoto wa kandokando ya ziwa anaweza kuiona sitiari hiyo kuwa ni ya watu wa nchi kavu. Hapo ndipo ngano ya Nyamgondho inapopata umuhimu wake.

Muundo wa ngano

Ngano ina matoleo mengi, lakini kiini chake hakibadiliki. Nyamgondho, mvuvi maskini, anavuta wavu wake na kukuta amemvua ajuza asiyependeza kwa sura. Anataka kumrudisha majini. Ajuza anamsihi amchukue. Anampeleka nyumbani, na tangu hapo boma linajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyamgondho anaoa wake wengine na kuwa mtu wa kusikika. Usiku mmoja anarudi amelewa, anakasirishwa na namna alivyopokewa, na kumtukana ajuza yule kwa kumkumbusha kwamba yeye ni wa kuvuliwa ziwani. Ajuza anainuka na kushika njia ya ziwa. Mifugo yote inamfuata hadi inazama. Nyamgondho anabaki ufuoni ameegemea fimbo yake, na hapo anageuka mti. Huko Nyandiwa, katika eneo la Gwassi, wenyeji huonyesha alama juu ya mawe na kusema kuwa ni kwato za mifugo ile.

Kwa upande wa utanzu, masimulizi haya yanasimama baina ya ngano na kisasili, kwa kuwa yamefungwa na mahali na yanaeleza asili ya kitu kinachoonekana. Fanani wa Gwassi ana jiwe la kumwonyesha msikilizaji. Mtoto aliyeambiwa kwamba chakula kina nyayo anaweza kupelekwa akazitazame: ni kwato za utajiri uliotoka majini, na zinaelekea majini. Mwelekeo huo ndio dhamira ya ngano. Nusu yake ya kwanza huutoa utajiri ziwani na kuuleta bomani. Nusu ya pili huurudisha kwa njia ile ile. Mtoto anayeusimulia upya msafara wa kurudi huwa amejizoeza, bila istilahi yoyote, kukifuatilia chakula hadi chimbuko lake.

Kujua na kuheshimu

Ufafanuzi uliozoeleka husema kwamba kosa la Nyamgondho ni kusahau alikotoka. Ufafanuzi huo haukubaliani na matini. Katika kilele cha ngano Nyamgondho hajasahau lolote. Anakumbuka vizuri mno kwamba mke wake na mali yake vilitoka ziwani, na kumbukumbu hiyo ndiyo anayoigeuza kuwa tusi. Maarifa anayo, isipokuwa hayajamfunga kwa wajibu wowote.

Jambo hili lina uzito kwa mafunzo ya chakula. Masomo mengi ya mazingira hujengwa juu ya imani kwamba mtoto akishajua chakula kimetoka wapi, atakitendea kwa heshima. Ngano inatilia shaka imani hiyo. Mtu anaweza kuijua asili ya kitu na kukidharau kwa sababu ya asili hiyo hiyo, kama vile anayewadharau omena kwa kuwa ni chakula cha maskini. Omena hukaushwa kwa jua, bila kuni. Mbuta ana mafuta mengi na hakauki vivyo hivyo. Huhifadhiwa kwa kukaangwa au kufukizwa moshi, na miti hukatwa kwa ajili hiyo. Wengi kando ya ziwa wanalijua hilo, na bado heshima ya mezani haiwafuati omena.

Deni ni la nani?

Pamoja na ubora wake, ngano ina mipaka ambayo mhakiki hana budi kuitaja. Mkosaji ni mmoja, naye ni mvuvi. Historia ya ziwa inasema vingine. Mbuta aliingizwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutokana na mipango ya uvuvi ya utawala wa kikoloni. Alipoongezeka kwa wingi katika miaka ya 1980, fulu walipungua kwa kasi. Wanasayansi hukadiria kwamba spishi zao zipatazo 200 zilitoweka. Aidha, viwanda vilijengwa na minofu ikasafirishwa Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa nyakati mbalimbali kati ya 1997 na 1999, ilidhihirika jinsi riziki ya ufuoni ilivyotegemea meza za mbali.

Mtaani Obunga, jijini Kisumu, wanawake wamejipatia riziki kwa kukaanga na kuuza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Mtoto anayekula mgongo wazi anakula mabaki ya mlo wa mtu mwingine. Akifundishwa ngano ya Nyamgondho kwa namna ya kumtia hatia, kwamba ziwa limekasirika kwa sababu ya watu wa ufuoni, atakuwa amebebeshwa deni asilokopa.

Hapa inafaa ngano ya pili, ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Ajuza anafika kijijini watu wakiwa katika sherehe. Ananyimwa chakula na mahali pa kulala. Anayempokea ni mwanamke mmoja tu, ambaye anaonywa aondoke. Usiku kijiji kinazama. Katika ngano hii mkosaji si mlevi mmoja bali jamii nzima iliyoshiba. Nyamgondho anaulizia chakula kilikotoka. Simbi inauliza nani alinyimwa kilipogawanywa. Mgongo wazi haueleweki kwa swali moja kati ya hayo.

Ajuza wa ngano zote mbili pia anastahili usomaji mpya. Ni rahisi kudai kwamba Nyamgondho inamfanya mwanamke mali. Hata hivyo, tendo kuu la ngano ni lake: anainuka, anatembea, na kila kilichokuwa kikiitwa mali ya mume kinamfuata.

Hitimisho

Zamani watoto wa Kijaluo walisimuliwa ngano katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim. Shule imechukua nafasi hiyo, na S. Kichamu Akivaga na Asenath Bole Odaga walisaidia kuliweka jambo hilo kwenye misingi mwaka 1982 walipochapisha kitabu chao cha kufundishia fasihi simulizi katika shule za sekondari. Kazi iliyobaki ni ya madarasa ya chini. Mwalimu wa Mamboleo anaweza kuanza na sahani na kuwaacha watoto wasimulie kinyumenyume: nani alikaanga, kwa kuni zipi, nani alivua, minofu ilikwenda wapi, na fulu walikwenda wapi. Ndipo awasimulie Nyamgondho na Simbi, bila kuwafungia funzo mwishoni. Wengi wao watakuwa na jambo la kusema juu ya mgongo wazi, na huko ndiko somo linakopaswa kuendelea.