Maji Yanayochagua Gesi

Kanyaruchinya, karibu na Goma, imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na wakazi wake wanajua kwamba ardhi inaweza kuua hata bila moto. Huku Goma tunasema mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kutuama mabondeni, hasa upande wa magharibi karibu na ziwa. Gesi hiyohiyo imejaa chini ya Ziwa Kivu, takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na methani kama 60.

Anayeitaka methani hana budi kuitenga na mwenzake, na namna KivuWatt, mtambo wa megawati 26 uliozinduliwa Kibuye, Rwanda, mwaka 2016, inavyofanya kazi hiyo ni ufundi nisiochoka kuufikiria. Mabomba yanashuka mita 350 hivi. Maji yakipanda, mgandamizo unapungua na gesi inachemka kama chupa ya bia ya Primus iliyofunguliwa. Mapovu yenyewe ndiyo yanayovuta maji mengine juu. Lakini mafundi hawayaachi maji hayo yafike juu. Wanayatenganisha na gesi kwenye kina cha mita 20 hivi. Kaboni dioksidi huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko methani, kwa hiyo katika kina hicho sehemu kubwa yake bado inashikwa na maji, huku methani ikitoroka. Juu zaidi, kaboni dioksidi ingeifuata. Chini zaidi, methani ingebaki majini. Kisha gesi huoshwa tena kwa maji ya juu ya ziwa.

Kaboni dioksidi hutengwa pia mbali na ziwa, lakini kwenye moshi wa mitambo ya umeme ya makaa ya mawe, wenye gesi hiyo asilimia 12 hadi 15 tu na mgandamizo mdogo, maji matupu hayafui dafu. Hapo hutiwa kemikali za jamii ya amini, njia ambayo R. R. Bottoms alipewa hataza yake Marekani mwaka 1930. Amini iitwayo MEA hukamata gesi upesi, ila haiachii mpaka ipashwe moto karibu nyuzi 120, na joto hilo linapunguza umeme wa mtambo wenyewe. Nyingine, MDEA, huachia kwa urahisi, lakini inachelewa kukamata. Basi wanakemia huichanganya na amini ya tatu, piperazini, kidogo: hii inadaka, ile inabeba. Piperazini ikizidi, inaweza kuganda ndani ya mabomba. Nawavulia kofia watu wanaokaa na vipimo hivyo, wakichunguza mchanganyiko unavyokula chuma na unavyoharibiwa na oksijeni, kabla ya kuuamini.

Amini ikishaachia gesi, hurudi kazini. Maji ya Kivu hurudishwa ziwani, tena kwenye kina kilichochaguliwa kwa makini, maana matabaka ya maji mazito ndiyo yanayoizuia gesi isilipuke. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno mbele ya Kivu, lilipotoa gesi yake mwaka 1986 liliua watu wapatao 1,700. Kandokando ya Kivu wanaishi mamilioni.