Rangi ya unga: kava ya tapeti nyumbani, rimu kwa fundi

Anayetaka kupaka vipuri vya gari lake rangi ya unga kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya bunduki ya kupulizia. Aanze kwa kuuliza anapaka kipuri gani. Kava ya tapeti ikiharibika, rangi itabanduka na utairudia. Rimu ikiharibika, inaweza kupasuka mkiwa barabarani na familia nzima. Hapo ndipo panapoamua kazi ifanyike wapi.

Rangi hii haina thina. Ni chembe kavu ambazo bunduki huzichaji kwa umeme wa volti nyingi, huku kipuri kikiwa kimeunganishwa na ardhi kwa waya, hivyo chembe huvutwa na kukishika chuma. Ndani ya oveni unga huyeyuka, hutandaa na kugeuka ngozi moja ngumu, mara nyingi yenye unene wa maikroni 60 hadi 100. Unga mwingi wa poliesta huiva chuma kikifika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi na kukaa kwenye joto hilo dakika 10 hadi 20. Hilo ni joto la chuma chenyewe. Hewa ya oveni hutangulia kupata moto na kipande kinene huchelewa, kwa hiyo anayeanza kuhesabu dakika pale anapofunga mlango hutoa kitu kinachong'aa nje huku bado ni kibichi. Sugua sehemu iliyojificha kwa pamba yenye asetoni: rangi mbichi italainika na kuhamia kwenye pamba.

Kava ya tapeti ya alumini inafaa kufanyiwa nyumbani, mradi maandalizi yaheshimiwe. Ondoa rangi ya zamani kwa dawa ya kubandulia, usikimbilie kupiga mchanga. Ndani ya kava nyingi kuna bati la kuzuia oili, limefungwa kwa skrubu au ribiti. Ukipiga mchanga bati likiwa mahali pake, punje hujificha nyuma yake, kisha injini ikianza kufanya kazi zinashuka kwenye oili na kukwangua beringi za krenki. Injini nzima inakufa kwa ajili ya urembo.

Alumini ya kusubu nayo ina vitundu vilivyokunywa oili kwa miaka. Ioshe, iingize ovenini kwenye joto linalozidi kidogo lile la kuivishia, uache moshi uishe, kisha uisafishe tena. Ukiruka hatua hiyo, oili itachemka chini ya rangi na kuacha mapovu. Ziba matundu ya plagi na nyuzi za boliti kwa vizibo vya silikoni, na uso wa gasketi kwa utepe unaostahimili joto. Puliza pembe za ndani kwanza, kwa volti ndogo ikiwa bunduki inaruhusu, kwa sababu unga huzikwepa na kukimbilia kingo.

Oveni iwe ya umeme, na isipikiwe chakula tena maisha yake yote. Ya gesi usiijaribu: vumbi la rangi hewani likikutana na moto linaweza kulipuka. Vaa barakoa ya vumbi na ufanyie kazi mahali penye hewa ya kutosha.

Rimu ya alumini ni suala jingine. Nyingi zimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na hatua ya mwisho huwa karibu nyuzi 150 hadi 180. Kila zinaporudishwa kwenye joto la juu zaidi ya hapo, ugumu huo unaweza kupungua, na baadhi ya watengenezaji hawaruhusu kabisa rimu zao kuchomwa upya. Kwa hiyo muulize fundi anaondoaje rangi ya zamani. Akisema anaichoma kwenye tanuri la nyuzi 350 na zaidi, chukua rimu zako uondoke. Muulize pia anapimaje joto la chuma, maana karakana iliyozoea fremu nyembamba za madirisha inaweza kutumia dakika zilezile kwa rimu nene.

Kisha kagua mahali nati zinapokaa na uso unaokaa kwenye habu. Rangi nene hapo hubonyea nati zikikazwa, baadaye nati hulegea. Sehemu hizo zizibwe kabla ya kupuliza, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kwa magari ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ongeza swali la dawa inayopakwa kwenye chuma kabla ya unga. Bila dawa hiyo, mkwaruzo mmoja wa jiwe hufungua njia, na unyevu wa chumvi hutambaa chini ya rangi hadi ngozi nzima inavimba. Unga wa juu uwe wa poliesta. Epoksi hushika chuma vizuri lakini huchujuka juani, hivyo mahali pake ni koti la chini.

Nyumbani panafaa breketi, kava na vipuri vidogo, hasa kwa mtu anayefufua magari na atakayeitumia oveni mara nyingi. Kwa kipuri kimoja, gharama ya vifaa hairudi. Rimu, na kila kinachobeba uzito wa gari, mpe fundi aliyekujibu maswali haya kabla hajataja bei.