Rangi ya Kucha na Maji ya Udhu



Kama unakaa Kariakoo, Gerezani au Ilala, huna haja ya kuelezwa rangi ya kucha inauzwa wapi. Mtaa wa Kongo umejaa vichupa vyekundu, vya zambarau na vya dhahabu, na bei yake haimshindi hata msichana wa shule. Wengi huiita Cutex, kwa jina la kampuni ya Marekani, hata kama kichupa kimetoka China na hakijapata kuiona Marekani. Binti hununua, hurudi nyumbani, hukaa ukumbini na dada zake wakapakana.

Hilo sina neno nalo. Mwanamke kujipamba nyumbani, kwa ajili ya mumewe au kwa furaha yake mbele ya wanawake wenziwe, si haramu, wala urahisi wa bei si aibu. Tena ni bora mara kumi kuliko lile linaloonekana mchana kweupe pale pale Kariakoo: kijana wa kiume na kikapu chake cha rangi, ameuweka mguu wa mke wa mtu juu ya goti lake, anausugua na kuupaka, na watu wanapita. Bwana mwenye nyumba, kijana huyo umemwona, usiseme hukumwona.

Basi lawama yangu iko wapi? Iko katika kile kisichonunuliwa. Rangi imenunuliwa, asetoni ya kuitolea haikununuliwa.

Rangi ya kucha si wino. Ni nitroselulosi, kitu kinachotengenezwa kwa pamba au mbao, iliyoyeyushwa katika dawa zinazoruka upesi. Ile harufu kali ndiyo dawa yenyewe inayoondoka. Ikisha kuondoka hubaki utando mgumu uliofunika ukucha, na maji huteleza juu yake. Hina si hivyo. Rangi ya jani huingia ndani ya ukucha wenyewe, na uji wake ukisha oshwa hakibaki kitu juu. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, aliyapambanua haya katika al-Majmuu karne nyingi kabla ya vichupa hivi: nta, unga uliokandwa, hata hina yenyewe, ikiwa ingali juu ya kiungo na yazuia maji, udhu hausihi, ikibaki rangi tupu, haidhuru. (Piko ni jambo jingine. Ile iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi huweza kuunguza ngozi.)

Sayyidna Umar (R.A.) amesimulia, na imo katika Sahihi Muslim, kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mguuni mahali pa kadiri ya ukucha hapakupata maji. Mtume (S.A.W.) alipomwona alimwamuru arudi akatawadhe vizuri. Ukucha mmoja! Binti yetu ana kumi, na akipaka na miguu ni ishirini.

Aliyepaka akiwa na udhu husali mpaka udhu utenguke. Taabu ni baada ya hapo. Adhana ya Alasiri yasikika kutoka Msikiti wa Mtoro, asetoni hakuna, duka la jirani halinayo. Mmoja hukwangua kwa wembe mpaka ukucha wapasuka. Mwingine asema atalipa usiku, na usiku alala. Wa tatu atawadha juu ya rangi akidai ni kama kupaka maji juu ya khuffu. La, bibi. Ruhusa ya khuffu ni ya miguu, ina masharti yake na muda wake, na kucha za mikono hazimo. Na ikiwa ni josho la janaba au la hedhi, basi josho lenyewe halikutimia, na sala zinazofuata zote zina walakini.

Wako wanaopaka siku za hedhi tu. Ni njia nzuri, ila kaka mtu asigeuze kucha za dada yake kuwa kalenda. Wako wasichana wanaosali na rangi kwa kuona haya ya macho ya namna hiyo.

Tangu kiasi cha mwaka 2013 imeenea habari ya rangi ya Inglot, kampuni ya Poland, ati hupitisha hewa na mvuke wa maji. Baadaye zikaja nyingine zilizoandikwa "halali". Maulamaa wamekhitalifiana. Langu ni hili: mvuke kupita si sawa na maji kufika, na tone lililopenya mpako mmoja juu ya karatasi halithibitishi kitu juu ya mipako miwili na wa kung'arisha juu yake. Na kichupa cha kando ya barabara kilichobandikwa neno hilo, nani aliyekipima?

Waulize pia kina mama wanaoosha maiti. Marehemu naye hutawadhishwa, na asetoni isipokuwamo ndani hutumwa mtoto akaitafute huku jeneza lasubiri.

Basi atakayenunua rangi na anunue na asetoni siku ile ile, aiweke karibu na maji ya kutawadhia. Asiiweke jikoni. Asetoni hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa, na mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa.